Mtoto hataki kuinua mkono baada ya kuvutwa

Pole sana. Umeuliza kuhusu mtoto wako wa miaka 2: ulimdaka mkono asianguke ngazini, akalia, na sasa mkono unaning'inia ubavuni, kiganja kikielekea nyuma au mwilini; dalili hizo zinafanana sana na kuteguka kiwiko kwa kuvutwa.

Mkono chini ya kiwiko una mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole gumba, kichwa chake kimezungukwa na ukano (utepe mgumu unaoshikilia mifupa) mfano wa pete. Kwa mtoto mdogo pete hiyo bado ni legevu, kwa hiyo mkono ulionyooka ukivutwa ghafla, ukano unateleza na kubanwa ndani ya kiungo. Huwapata zaidi walio kati ya mwaka 1 na 4. Kumbembeza ukimning'iniza kwa mikono yake, au kumvuta mkono ili kumvisha shati, kunatosha kabisa kuutegua.

Usijaribu kuurudisha mwenyewe, wala usimpeleke kwa mkandaji. Kama kuna mfupa uliovunjika, utaharibu zaidi. Mwache aushike anavyopenda, mpeleke hospitali leo. Daktari huzungusha kigasha (mkono chini ya kiwiko) huku amekishika kiwiko, huenda ukasikia mlio mdogo, na mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 30 mtoto anachezea vitu tena. Eksirei kwa kawaida haihitajiki.

Lakini kiwiko kikivimba, kikipinda, vidole vikiwa baridi, au kama alianguka, nenda mara moja. Hapo picha ni lazima.

Huweza kujirudia. Mnyanyue kwa kumshika kwapani.