Deni likisamehewa, pesa huenda wapi?

SWALI: Nimesoma kwamba Zambia ilifutiwa sehemu kubwa ya madeni yake mwaka 2005, halafu 2020 ikashindwa kulipa tena. Hayo mabilioni yaliyosamehewa yalienda wapi, na mbona umaskini haukuisha?

JIBU: Ndugu msomaji, swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na kila mara linabeba kosa lile lile: "yalienda wapi". Hayakwenda popote kwa sababu hayakuja. Msamaha wa deni haumletei waziri wa fedha hata senti moja. Kinachotokea ni kwamba fedha ambazo zingetoka kwenda kwa mkopeshaji mwaka huu na miaka ijayo zinabaki. Deni la nje la Zambia lilishuka kutoka dola bilioni 7 hivi hadi chini ya bilioni 1, lakini tofauti hiyo ilikuwa hesabu iliyoandikwa kwenye daftari la mwenye kudai. Nafuu unayoweza kununulia dawa ni marejesho ya kila mwaka peke yake, tena yale tu yaliyokuwa yakilipwa kweli.

Tazama Somalia. Ilikamilisha mpango wa HIPC, ule wa nchi maskini zenye madeni makubwa, Desemba 2023, na deni lake likashuka kutoka asilimia 64 ya pato la taifa mwaka 2018 hadi chini ya 6. Lakini kwa miaka mingi nchi hiyo haikuwa ikilipa, na sehemu kubwa ya deni ilikuwa malimbikizo. Ukifutiwa deni ambalo hukuwa unalipa, mfukoni hujaongeza kitu. Ilichopata Somalia ni kukubalika tena kwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ni faida kubwa sana, ila si fungu la kugawana.

Kwa hiyo nakereka ninapomsikia mwanasiasa akiahidi kwamba deni likifutwa kila kaya itaonja. Na akija mtu kukuuzia fomu ya "mgawo wa msamaha wa madeni", usimlipe. Ni tapeli. Mgawo huo haupo duniani.

Je, msamaha hausaidii? Unasaidia, pale bajeti inapotaja kazi ya fedha zilizobaki na watu wakafuatilia. Mwaka 2006 Zambia ilifuta ada katika vituo vya afya vya vijijini. Mama mwenye mtoto anayechemka homa akaweza kumfikisha kituoni bila kuuza kuku kwanza. Uganda, ya kwanza kumaliza masharti ya HIPC mwaka 1998, iliziweka fedha hizo katika mfuko wake maalumu wa kupambana na umaskini: elimu ya msingi, afya, maji, barabara za vijijini. Na Uganda ilikuwa imeshapata funzo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao. Nyingine ziliishia njiani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichofika, mzazi ajisomee. Ndani ya miaka michache kiasi kinachofika kilipita asilimia 80. Karatasi ile ukutani ilifanya kazi ambayo hakuna mkutano wa wakopeshaji ungeifanya.

Kuanguka kwa Zambia mwaka 2020 kulitokana na mikopo mipya. Daftari likiwa jeupe, iliuza hatifungani za kimataifa, yaani hati za deni ambazo wawekezaji hununua ili walipwe riba: dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014, bilioni 1.25 mwaka 2015, juu ya mikopo mingine mikubwa, hasa kutoka China. Hatifungani ya 2014 ilikuwa na riba ya asilimia 8.5, yaani dola milioni 42.5 kila miezi sita kabla hujagusa deni lenyewe. Malipo hayo hayo ndiyo yaliyoishinda Novemba 2020. Mikopo iliyofutwa chini ya HIPC kwa sehemu kubwa ilitoka kwa serikali na mashirika ya kimataifa, watu unaoweza kuketi nao meza moja. Wenye hatifungani ni maelfu, wametawanyika, na wengine hununua deni bovu kwa bei ya kutupa ili washitaki. Zambia iliwahi kuonja hilo pia: deni la matrekta ya Romania la mwaka 1979 lilinunuliwa na kampuni kwa dola milioni 3 na ushee, na mwaka 2007 mahakama ya London ikaamuru Zambia iilipe zaidi ya milioni 15.

Ukisikia nchi yoyote "imesamehewa", basi, uliza ilikuwa ikilipa kiasi gani kwa mwaka, na inakopa kwa nani sasa. Uliza pia kama ni msamaha kweli. Makubaliano ya Zambia na serikali zinazoidai, ya Juni 2023, yalihusu dola bilioni 6.3 na watu wengi waliyaita msamaha. Kilichofanyika hasa ni kupunguziwa riba na kusogezewa tarehe. Malipo yanaendelea hadi 2043.