Mbwa mwenye saratani: dawa ya mmea ipo, ila haichemshwi jikoni

Mkuu, pole sana. Umesema mbwa wako jike wa miaka minne anadondosha damu nyuma, muuza dawa za mifugo amekuambia ni kansa na hakuna la kufanya, na sasa unauliza uchemshe nini: mwarobaini, majani ya mstafeli, au lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano linaloota kandokando ya kuta. Najibu kwa kirefu kwa sababu jike wangu alipita humohumo, na sasa amepona.

Kabla ya kuuliza dawa gani, uliza kansa gani. Mbwa wetu wanaotoka nje na kupandana ovyo hupata sana uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, ambao madaktari wa mifugo huuita TVT. Unakaa ukeni au kwenye uume, mwekundu, umekunjamana kama koliflawa, ukiugusa tu unatoa damu. Wakati mwingine unatokea puani au mdomoni, maana mbwa hunusana na kulambana. Hauletwi na kirusi wala bakteria. Ni seli zenyewe za saratani zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, na vinasaba vyake si vya mbwa anayeugua, kwa sababu zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Pamoja na kutisha kwake, ni miongoni mwa kansa za mbwa zinazotibika vizuri kabisa.

Kuutambua hakuhitaji mashine kubwa. Kwa jike wangu daktari alibandika kioo kidogo kwenye uvimbe, akakipaka rangi, akakiweka chini ya darubini. Akanisogeza nitazame: seli za duara, ndani yake vitundu vyeupe vimejipanga kama shanga. Akasema, "Huyu tutamtibu."

Dawa aliyotumia inaitwa vincristine, na inatoka kwenye ua hilohilo ulilolitaja, Catharanthus roseus, ambalo asili yake ni Madagaska. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa wanalichunguza kwa ajili ya kisukari, wakakuta linashusha chembe nyeupe za damu. Wakapata vinblastine, na baadaye ikaja ndugu yake vincristine. Kwa hiyo aliyekuambia ua hilo lina dawa ya kansa hakukudanganya.

Tatizo ni sufuria. Kupata gramu moja tu ya vincristine kunahitaji zaidi ya nusu tani ya majani makavu. Mbwa wa kilo 15 huchomwa chini ya nusu miligramu kwa wiki, na hiyo ndogo ndiyo inayoua uvimbe. Ikizidi inaua mbwa. Majani hayo yana kemikali nyingine zaidi ya mia moja, baadhi ni sumu, na hakuna kikombe kitakachokupimia ipi imeingia kiasi gani. Tena vincristine haifanyi kazi kwa kunywa, lazima ipite kwenye mshipa.

Sindano ni mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Mguu wa mbele unanyolewa, sindano inaingizwa mshipani, daktari anavuta kidogo aone damu inarudi ndipo asukume dawa polepole. Mshike mbwa asitikisike hata kidogo, kwa sababu tone likivujia nje ya mshipa nyama yote ya pale inaoza. Damu ipimwe kabla ya sindano inayofuata. Na kwa siku chache baada ya kila sindano vaa glavu unaposafisha mkojo na kinyesi chake, watoto wakae mbali. Wangu, baada ya sindano ya pili uvimbe ulikuwa umesinyaa na damu imekata.

Sasa miti shamba ya nyumbani. Kitunguu saumu na kitunguu maji usimpe kabisa, hata kwenye mchuzi: vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na wako tayari anapoteza damu. Shubiri inamharisha mpaka anakauka. Mstafeli una kemikali inayodhuru neva, na vincristine nayo inagusa neva, usizikutanishe. Manjano kidogo kwenye chakula si hatari kubwa, ila hayatapunguza uvimbe, na mbwa anayevuja damu mimi nisingempa. Diclofenac na ibuprofen za binadamu pia hapana, zinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Mimi nilichofanya nyumbani ni kulea. Mchuzi wa dagaa waliooshwa chumvi, uliopoa kidogo ili harufu imvute ale, ini kidogo, maji ya chumvi ya uvuguvugu kusafisha nje, asubuhi na jioni, nzi wasije wakataga mayai tukaanza kuhangaika na funza. Na alifungwa uani muda wote asiambukize wengine.

Kama uko karibu na Morogoro, nenda hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nairobi kuna Kabete, kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbali na hapo tafuta daktari wa mifugo mwenye darubini, na umuulize mapema kama vincristine anayo au anaagiza. Lakini kama uvimbe uko kwenye matiti, hiyo ni kesi nyingine: vincristine si tiba yake, ni kisu, na kabla ya kisu mwombe apige picha ya kifua aone kama mapafu bado ni safi. Angalia leo jioni, mlaze chali kwa upole, pitisha vidole kwenye kila chuchu, halafu uniandikie hapa umekuta nini.