Hita baridi, mshale unapanda: hewa imenasa

Ndugu, kama tangu umwage kulanti (maji ya kupozea injini) ya Toyota IST yako mshale wa joto unapanda huku hita ikitoa hewa baridi, mara nyingi kuna hewa imenasa ndani ya mfumo wa kupozea. Usikimbilie kununua rejeta.

Rudia kazi upya, injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa. Fungua koki ya chini ya rejeta, kisha na bolti ya kutolea maji kwenye bloku (mwili wa injini). Mafundi wengi huiruka hiyo ya pili, na uchafu unabaki humo. Suuza kwa maji hadi yatoke maangavu, kisha funga koki na bolti. Kulanti nzito (isiyochanganywa na maji) changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi, tafadhali!). Maji ya kisima yanaacha ukoko wa chumvi.

Jaza polepole, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa gari mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na uminye mpira wa juu wa rejeta. Mapovu yatapanda. Themostati (valvu inayofunguka kulanti ikipata joto) ikifunguka, kulanti itashuka ghafla: ongeza, funga, jaza na chupa ya akiba hadi alama.

Kulanti chafu uliyomwaga iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Ni tamu, na mbwa akiilamba inaweza kumuua.