Dada, usikikate hicho kidonge

Weka kisu chini! Umetuandikia kuwa unakunywa thairoksini, kidonge cha homoni kwa tezi ya shingo iliyolegea. Unasema TSH yako (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi; dawa ikizidi hushuka, ikipungua hupanda) imetoka 0.08, chini kabisa, T4 (homoni ya tezi yenyewe) imepanda, daktari wako kasafiri, kwa hivyo kesho unaanza nusu kidonge. Halafu huko chini kabisa, kama jambo la kupita tu, unaandika kuwa umechoka, choo kigumu, unalala na mablanketi, na "vidonge vya nywele nilivyonunua Darajani bado havijanisaidia". Hapo ndo niliposhtuka.

Lichukue hilo kopo ulisome nyuma. Ukiona bayotini (vitamini inayotiwa kwenye vidonge vya nywele), na mbele yake mikrogramu 5,000 au 10,000, basi hayo majibu yako usiyaamini bado. Mtu mzima anatosheka na mikrogramu 30 hivi kwa siku.

Langu nililinunua kwa bibi mmoja wa status za WhatsApp, anayeuza madira na mafuta ya habbasoda. "Cha asili, shoga, hakina madhara." Asili gani, kidonge rangi ya waridi! Nikaenda kupima, TSH ikaja chini kabisa kama yako. Daktari (simtaji, mwenyewe anajijua) akaitazama karatasi, mie hakunitazama. Thairoksini imezidi, akasema, ikashushwa kutoka mikrogramu 100 mpaka 50. Na hapo mbele yake nimekaa nimevaa sweta. Kaskazi ile, kila mtu kwenye foleni anajipepea na cheti chake, mie nimejikunyata! Aliyezidiwa na homoni hutoka jasho, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio. Mie asubuhi macho yamevimba na sauti imekuwa nzito hata muuza samaki kwenye simu ananiita kaka. Angeuliza swali moja tu.

Basi nikaporomoka. Nasinzia na mwiko mkononi, wali unaungua, naulizwa jambo najibu la jana. Wifi zangu wakapitisha kuwa nina shetani, nikafukizwa ubani mpaka mapazia yakanuka (shetani mwenyewe nadhani alikuwa kalala, maana hata yeye alichoka). Fedha ya boti, fedha ya hoteli Dar es Salaam, fedha ya vipimo vyengine vya moyo na damu, vyote kwa ajili ya kopo la nywele. Na nywele zenyewe zikazidi kumwagika, kwa sababu homoni ikipungua nywele hutoka! Aliyenikomboa ni kijana wa maabara kule, kabla hajanichoma sindano: "Mama, kuna vitamini yoyote unayokunywa?" Nikarudi kupima baada ya kuacha, TSH ikapaa.

Ilivyo ni hivi: mashine nyingi za maabara, ingawa si zote, huinasa homoni kwa kutumia bayotini yao wenyewe. Damu ikijaa ya kopo, zinagombania nafasi, na hesabu inatoka pogo: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, T4 juu kuliko ilivyo. Sawasawa na karatasi ya mtu aliyezidishiwa dawa. Si siri hii. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari tangu 2017. Yule bibi wa madira sawa, hakusoma. Wa koti jeupe je?

KARATASI IKIGOMBANA NA MWILI, DOZI USIIGUSE MPAKA UTAJE KILA UNACHOMEZA. Vya nywele, vya kucha, vya damu, vya kupakiwa kwenye karatasi ya gazeti, vyote. Acha hivyo vya nywele siku mbili angalau (dozi ikiwa kubwa sana daktari anaweza kutaka zaidi), kisha upime tena. Na daktari akibadilisha dozi, usikimbilie maabara wiki ya pili. TSH huchukua wiki 6 mpaka 8 kutulia.

Inawezekana pia yako ni ya chini kweli, siko ndani ya damu yako. Ukihisi moyo unakimbia hata umelala, usingoje mtu arudi safari, nenda leo kwa daktari mwengine. Ila uende na kopo mkononi. Na hapa tuwekee picha ya nyuma yake, ya mbele yenye yule dada mwenye nywele mpaka kiunoni tushaiona.