Mkuu usiinunue hiyo presi, soma hapa kwanza

Mkuu simama hapohapo, hela irudishe mfukoni. Umesema uko Texas, una bastola ya 9mm, unataka kuanza kujaza risasi mwenyewe nyumbani, na kuna mzee umekutana nae kwenye maonyesho ya silaha anakuuzia mashine ya kujazia, presi ya progresivu, iliyotumika kwa dola 350 pamoja na chupa ya baruti na daftari lake la vipimo. Unauliza kama ni bei nzuri, utaokoa kiasi gani kwa kila risasi, ununue praima gani, na kama apatimenti inafaa kwa kazi hiyo. Mimi nilichukua mzigo wa namna hiyohiyo mwaka 2021 na nusura niondoke na vidole vya shemeji yangu, kwahiyo tuanzie hapo.

Kwa ambao hawajawahi kuiona hii kazi, risasi ina vitu vinne tu, ganda la shaba, praima (kiwashio) pale kitakoni, baruti ndani, kichwa kinachoruka juu. Ukishapiga, ganda linabaki, unaliokota, unalirudisha kwenye umbo lake, unatoa praima iliyokwisha unaweka mpya, unapima baruti unaimwaga ndani, unakandamizia kichwa, basi. Presi ya kawaida, ile ya hatua moja, inafanya jambo moja kila ukivuta mkono wake. Progresivu inafanya yote kwa mpigo, mvuto mmoja huku praima inaingia, pale baruti inamwagika, kule kichwa kinakandamizwa, na risasi iliyokamilika inadondoka kwenye kisanduku. Mtu aliyekaa nayo miaka kumi anajua kila mlio wake. Wewe mgeni mambo manne yanatokea kwa wakati mmoja na macho unayo mawili.

Mwaka ule risasi zilikuwa hazishikiki, sanduku la 50 lililokuwa dola kumi na kitu likapanda mpaka 30 na zaidi, na bado ukifika dukani shelfu ni nyeupe. Jamaa mmoja wa kazini akaniambia anayo presi, ananiachia na baruti juu, akasema na nakumbuka maneno yake mpaka leo, "hii ni kama cherehani tu, ukishazoea unavuta huku unaangalia mpira." Cherehani!! Cherehani ikiruka mshono unafumua unashona upya, shati halimlipukii mtu mkononi. Alinielekeza dakika kumi na tano kwenye gereji yake, hakuniambia kitu hata kimoja kuhusu nini cha kufanya mashine ikikwama katikati, na ndio swali pekee ambalo mgeni anatakiwa ajibiwe.

Jumamosi nikakaa gereji nje kidogo ya Houston, nikavuta risasi 400 kwa siku moja, najiona fundi. Katikati hapo praima ikakwama, mkono ukagoma kushuka mpaka chini, nikaurudisha juu, nikachomoa ganda moja nikasafisha, nikalirudisha. Simu ikaita, bi mkubwa kutoka Morogoro, na simu ya mama haikatwi, nikaongea nae nimesimama palepale, tumemaliza nikashika mkono nikaendelea kuvuta pale nilipoishia. Au nilipodhani nimeishia. Ile kurudisha mkono nusu njia na kutoa ganda na kulirudisha ndio iliyovuruga kila kitu, kuna maganda yakapita kituo cha baruti bila kupata kitu, na kuna ganda likapita pale mara mbili. Ukiangalia kwenye kisanduku zote zinang'aa sawasawa, huwezi kujua.

Wiki iliyofuata nikaenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, na shemeji. Risasi kama sitini za kwanza safi kabisa, zinalenga kuliko za dukani. Halafu ikaja moja ikasema "pu". Sio paa, ni pu, kama mtu kafungua chupa ya soda chumba cha pili, na mkono haukusukumwa. Slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, haikurudi nyuma yenyewe. Sasa sikiliza vizuri, kwenye mafunzo ya bastola wote tunafundishwa ikigoma gonga magazini, vuta slaidi, endelea kupiga, na mkono unajifunza hivyo mpaka haukuulizi tena. Nikavuta. Ganda likatoka, risasi nyingine ikaingia bila shida yoyote, nikalenga, nikapiga.

Nilichokuwa sijui ni kwamba praima peke yake bila punje ya baruti ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa kikaingia kwenye mtutu kikakwama humo. Wenyewe wanaita skwibu. Kwahiyo nilikuwa nimepiga risasi nzima nyuma ya kizibo. SAAMI, hao wanaopanga viwango vya risasi huku Marekani, wameweka kiwango cha juu cha mgandamizo wa 9mm kuwa psi 35,000. Tairi la gari lako ni psi 35 au karibu na hapo. Zidisha kwa elfu, halafu ziba njia ya kutokea.

Mtutu ulivimba katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, slaidi ikanasa haiendi mbele wala nyuma, mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Bastola imekwisha, na watengenezaji wengi wanaandika kwenye kijitabu chao kwamba ukitumia risasi za kujaza mwenyewe waranti hakuna, kwahiyo usitegemee kumpigia mtu simu. Kama chuma kile kingekuwa dhaifu kidogo leo ningekuwa nachapa hapa kwa mkono mmoja.

Lakini hilo la bastola sio lililoninyima usingizi. Zilibaki risasi kama 340. Nikasema nitazipima kwenye mizani, yenye baruti pungufu itakuwa nyepesi. Haiwezekani mkuu, usije ukaijaribu hiyo njia ukajiona umepona. Baruti ya risasi moja ya 9mm ni kama theluthi ya gramu, na ganda la kampuni hii na ganda la kampuni ile yanapishana uzito kuliko hapo, bado vichwa navyo havilingani, kwahiyo mizani inakupa namba lakini haikuambii kitu. Njia ilikuwa moja, kuna nyundo ya plastiki unaichomeka risasi ndani unagonga chini mpaka kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Moja moja. Jioni tatu nzima, ta, ta, ta, mke wangu akahamia chumba cha mbele na watoto.

Nikakuta mbili hazina kitu. Na moja, nilipoigonga, baruti iliyomwagika ilikuwa rundo mara mbili ya zenzake. Nikakaa chini kwenye sakafu ya gereji. Bastola za kileo zinatumia baruti zinazowaka haraka, kipimo chake mara nyingi hakijazi hata nusu ya ganda, kwahiyo ukimwaga mara mbili inaenea na kichwa kinakaa juu vizuri kabisa. Na ile magazini ya pili, ambayo hatukuifikia kwa sababu bastola ilishanasa, nilikuwa nimempa shemeji apige. Siwezi kukuambia ile ya mara mbili ilikuwa kwenye magazini ipi maana nilishachanganya zote kwenye beseni, na mpaka leo nikimuona kwenye sherehe nahesabu vidole vyake.

Basi kanuni yangu ni hii moja na siuzi nyingine. Hakuna kichwa kinachokaa juu ya ganda ambalo hujachungulia ndani kwa macho yako, na tochi, ukaona baruti. Kila ganda. Sio la kwanza na la mwisho, sio kila la kumi kama yule jamaa alivyosema, KILA ganda. Na hiyo kanuni ndiyo inayokuchagulia mashine, kwasababu ukiwa na presi ya hatua moja utakuwa na kibao chenye matundu 50, unapanga maganda yako yote, unayamwagia baruti moja baada ya jingine, halafu unasimama juu yake na tochi na unaona maganda 50 kwa pamoja. Lililokosa linaonekana shimo jeusi. Lililozidi linaonekana limejaa kuliko wenzake. Jicho la binadamu kwenye kulinganisha vitu vilivyopangwa mstari haliongopi, muulize mama yeyote anayepima mchele kwa kopo sokoni. Simu ikiita unaacha kila kitu, unaenda kuongea na mama hata saa nzima, ukirudi unachungulia upya kuanzia ganda la kwanza. RCBS, Lee, Hornady wote wanatengeneza za hatua moja, chagua unayoiweza. Na uchague baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo ukiimwaga mara mbili inafurika nje ya ganda, hapo kosa linajitangaza lenyewe.

Ni pole pole, ndio. Utatoa risasi mia kwa jioni badala ya mia nne. Wanaokuambia humu "chukua mkuu hiyo ni dili" waulizeni wamejaza ngapi na wamezigonga ngapi kwa nyundo.

Hiyo chupa ya baruti na hilo daftari muachie mzee wa watu. Baruti isiyo kwenye kopo lake la kiwandani lenye lebo sio baruti, ni vumbi la kijivu lisilo na jina, na nyingi zinafanana, ya bunduki kubwa na ya bastola, huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia. Kopo jipya la paundi moja, kwa bastola yako hapo zinatoka risasi zaidi ya elfu, sasa kwenye hiyo chupa unaokoa nini? Na vipimo vya kwenye daftari ni vya bastola yake. Nunua kitabu cha vipimo, Lyman au Hornady, anzia kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa humo, panda taratibu. Namba mimi sikuandikii hapa, na ukiniuliza pembeni pia sikupi.

Umesema una grini kadi, sawa, lakini kwa wengine wanaosoma, ukiwa kwenye viza ya masomo au ya muda sheria ya shirikisho inakukataza hata kumiliki risasi isipokuwa una kigezo kama leseni ya uwindaji, na kutengeneza za kuuza kama biashara ni lazima leseni. Na wale wa nyumbani Bongo mnaouliza uzi huu unahusu nini, hii kazi bila leseni kwetu ni jela, isomeni tu.

Mkuu ukishapata presi ya hatua moja na kibao, jaza maganda yako 50 ya kwanza, usiweke kichwa hata kimoja, washa tochi upige picha kutoka juu uiweke hapa. Nitayahesabu.