Leseni ya sheshe wawili

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Morogoro. Baada ya shikamoo na marahaba akanieleza kwamba amepata kitabu cha kumiliki bunduki na sasa anataka kwenda kuwinda. "Mjomba, kuna rafiki yangu ana leseni ya swala watatu lakini kazi zimembana. Ameniambia niichukue nikatumie mimi. Si inawezekana?"

Nilimwambia haiwezekani, na kwamba sababu zake nitamwandikia, maana kwenye simu nisingezimaliza. Ninaiweka barua hiyo hapa kwa sababu najua hayuko peke yake mwenye swali hilo.

Mimi nimekulia Ifakara. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, na bunduki yake moja aliitunza kuliko baiskeli. Alikuwa kijana serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1973, akakaa nayo kabatini mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1978. Leseni yake ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya 1979. Ile miaka mitano ya kusubiri nadhani ndiyo iliyomfanya aiheshimu sana ile karatasi.

Mwaka ninaoukumbuka vizuri ni 1984. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wenye umri wangu mnajua hali ilivyokuwa: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, nyama siku ya sikukuu. Baba aliomba ruhusa kazini, akavaa shati lake jeupe, akaenda kwa Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori. Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi hadi karibu adhuhuri. Alipoitwa, kitabu cha bunduki kilikaguliwa ukurasa kwa ukurasa, kisha akaulizwa mnyama mmoja mmoja: gani, wangapi, eneo gani. Vyote viliandikwa kwa wino, mhuri ukagongwa, akalipa na kupewa stakabadhi. Tulitoka na sheshe wawili, swala wa bondeni kwetu, na kongoni mmoja, wote wakiwa bado kwenye karatasi.

Usiku ule, kwenye mwanga wa kibatari, baba aliisoma leseni kwa sauti kuanzia jina lake mpaka tarehe ya mwisho. Akatuuliza mimi na kaka yangu: sheshe wangapi? Eneo gani? Mwisho lini? Tulipokosea alirudia. Wakati ule niliona ananichosha tu. Mpwa wangu, leo nakuomba ufanye hivyo hivyo. Wengi niliowaona wakipata matatizo hawakuwa majangili. Walikuwa watu wenye leseni halali waliosoma jina la mnyama, wakaruka mpaka wa eneo au tarehe.

Msimu ulikuwa unafunguliwa Julai hadi Desemba, na bonde la Kilombero lenyewe lilikubaliana na sheria. Masika mto unatapakaa, mbuga yote inakuwa ziwa, huendi popote. Kufika Julai maji yamerudi nyuma, nyasi kavu zimechomwa, na chini ya majivu yanachomoza majani mabichi. Hapo ndipo sheshe wanatoka. Kama hujawahi kumwona sheshe, ni swala wa rangi ya dhahabu, ukimpata na jua la asubuhi mgongoni utadhani anawaka. Dume ana pembe nene zenye pete pete. Akishtuka hapigi kelele, anapiga mluzi, na ukisikia mluzi ujue kundi zima limeshakuona. Sehemu kubwa ya sheshe waliobaki Afrika nzima walikuwa pale bondeni kwetu. Sisi hatukulijua hilo. Tulijua tu kwamba ni wengi.

Tulivuka kwa mtumbwi wa mzee mmoja Mndamba, ambaye ndiye pia aliyekuwa mchinjaji wetu. Alikuwa Mwislamu, na baba, ingawa sisi ni Wakatoliki, hakukubali mtu mwingine ashike kisu, kwa sababu nyama ile ilikuwa inakwenda kwa majirani wote na alitaka kila nyumba iweze kula. Tulitembea kwa miguu. Kupiga ukiwa ndani ya gari kulikatazwa, kupiga usiku kwa kummulika mnyama kulikatazwa, na sheria ilikataza kupiga mtoto au jike mwenye mimba. Kwa kuwa jike kwa mbali huwezi kujua ana nini tumboni, baba alipiga madume tu.

Sheshe wa kwanza alianguka asubuhi ya pili. Mzee alimkimbilia, akasema Bismillahi, akachinja. Nikachomoa kisu changu kidogo nianze kuchuna. Baba akanishika mkono. Alitoa leseni kwenye mfuko wa nailoni aliouvaa shingoni, akaigeuza, akaiweka juu ya kitako cha bunduki, akaandika: sheshe, dume, mmoja, tarehe, mahali. Kidole chake kilikuwa na damu, kikaacha alama pembeni ya mstari. Akapuliza wino ukauke, akairudisha mfukoni. Ndipo akasema, "Haya, chuna."

Wa pili alipigwa jioni, vibaya. Risasi ilishuka, ikaingia tumboni, naye akakimbilia kwenye matete. Giza likaingia. Kulikuwa na tochi, lakini baba hakuiwasha kumfuata. Tulilala palepale bila moto mkubwa, na usiku kucha tulisikia fisi. Alfajiri tulifuata damu tone kwa tone, kwenye majani, kwenye udongo, mpaka kwenye kichaka alipoangukia. Fisi walikuwa wameacha kichwa, ngozi iliyochanika na mifupa. Baba alivua kofia akasimama kidogo. Kisha akatoa leseni, akaandika namba mbili.

Tukiwa tunarudi mtumbwini, dume jingine lilisimama mbele yetu, hatua zisizozidi sitini, ubavu wote wazi. Mwenzetu mmoja akanong'ona, "Piga huyo, mzee. Yule wa jana kaliwa na fisi, hukumla wewe." Baba alitikisa kichwa. "Karatasi haikuandika wawili nitakaowala. Imeandika wawili nitakaowapiga."

Nililia njiani. Naliandika hili wazi kwa sababu najua utakavyojisikia siku ikikufika. Tulirudi na sheshe mmoja. Paja likaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mbavu kwa majirani, na sisi tukabaki na shingo na nyama ya mchuzi ya siku tatu. Kongoni hatukumwona kabisa mwaka ule.

Nilipopata leseni yangu mwenyewe, mwaka 1996, nilijiona nimeshayajua yote. Nilimpiga ngiri akakimbia na jeraha. Tulikuwa na gari la kukodi na dereva alikuwa na haraka, nikaridhia tuondoke. Hakuna aliyenikamata. Ngiri yule nimekuwa naye kichwani miaka yote hii, na nikipita njia ile nakijua kichuguu alichopotelea. Kwa hiyo nakusihi: usiende kuwinda na gari linalosubiriwa mahali pengine. Tenga siku moja ya ziada, isiyo na ratiba, kwa ajili ya mnyama utakayemkosea.

Sasa nirudi kwa rafiki yako na swala wake watatu. Leseni ina jina la mtu na bunduki ya mtu. Ukiishika wewe ni karatasi tu, na swala utakayempiga nayo ni wa ujangili sawa na wa mtego wa waya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori iliyokuwapo enzi za babu yako ilikuwa ya 1974, inayotumika leo ni ya 2009, lakini kwenye hili hakuna kilicholegezwa. Kwa uwindaji wa wenyeji nenda ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, uliza maeneo yaliyotengwa na wanyama walioruhusiwa msimu huo, maana orodha ya mwaka huu si lazima iwe ya mwaka jana. Usichukue habari hizo kwenye kundi la WhatsApp. Na rafiki yako akikuletea kilo mbili za nyama ya pori bila hati yoyote, zikatae. Kosa ni kukutwa nayo, hata kama hukumpiga wewe. Kama hamu yako ni kitoweo tu, siku hizi yapo mabucha ya nyamapori yenye vibali. Nunua huko, na stakabadhi uitunze.

Kilombero usiende kuitafuta kama nilivyokusimulia. Mashamba na mifugo vimeingia mpaka kwenye mbuga tuliyokuwa tunalala, na sheshe wamepungua mno. Eneo sasa limepandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa moyo wote, ingawa lingekuja zamani ningefurahi zaidi.

Leseni zenyewe za babu yako sinazo, alizirudisha ofisini kila msimu ulipokwisha. Lakini kabla ya kurudisha alinakili kila mstari kwenye daftari la kaunta, na hilo ninalo mimi. Mwaka 1984 umeandikwa hivi: sheshe 2, mmoja ameliwa na fisi. Kongoni 1, hakupatikana. Mstari wa mwisho kabisa ni wa 1994: sheshe 1, hakupatikana, leseni imerudishwa. Baada ya hapo ni kurasa tupu, ingawa aliishi miaka mingine tisa na macho yake yalikuwa mazima.

Njoo Jumamosi na kitabu chako cha bunduki. Daftari nitakuwa nimelitoa, tutalisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, halafu Jumatatu twende wote TAWA ukaombe leseni yenye jina lako.