Wadogo zangu, acheni shajara za zimamoto

Nimemaliza kupitia shajara mlizoandika mkisoma Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain. Nyingi zimeandikwa kwa mkupuo mmoja, kalamu ile ile, tarehe zikabandikwa baadaye. Nawapenda, ndiyo maana nawasema mapema, kabla hamjafungua riwaya inayofuata.

1. Andika ukiwa hujui kinachokuja. Hili nimelijua kwa maumivu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilisoma kitabu chote, nikapitia na madesa (muhtasari na maelezo ya wengine), ndipo nikakaa kuandika shajara ya sura 43 kana kwamba niliiandika kila nilipofunga kitabu. Katika sura ya 9 Huck, mvulana anayesimulia aliyemkimbia baba yake, na Jim, mtumwa aliyetoroka, wanakuta nyumba ya mbao ikielea mtoni wakati wa mafuriko. Ndani mna maiti ya mtu aliyepigwa risasi mgongoni. Jim anaifunika kwa matambara, anamwambia Huck asimtazame usoni. Nikaandika, kwa lugha tamu, jinsi nilivyoguswa na Jim kumficha mtoto maiti ya baba yake. Mwalimu akazungushia wino mwekundu maneno "baba yake", pembeni akaandika: "Umejuaje?" Hapo hakuna msomaji anayejua. Jim anakuja kulisema katika sura ya mwisho kabisa.

Alama zilikatwa, lakini kilichoniuma si alama. Ningeandika siku ile ile, huenda ningejiuliza kwa nini Jim hataki Huck atazame, na ningesafiri na swali hilo mto mzima. Je, alimwonea huruma? Au alijua kwamba Huck akisikia yule baba mlevi amekufa, hana tena sababu ya kukimbia, naye Jim atabaki peke yake kisiwani? Wahakiki wamelibishania sana. Mimi sikuwa na la kuchangia, na usomaji wa kwanza wa sura ile haurudi tena.

2. Muhtasari si tafakuri. Piga mstari katikati ya ukurasa: kushoto nukuu na namba ya ukurasa, kulia wewe.

3. Lahaja ya Jim isiwakimbize. Isomeni kwa sauti.

4. Jueni miaka. Kitabu kilitoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885, utumwa ukiwa umefutwa tangu 1865. Lakini hadithi inaanzia Missouri miongo kadhaa kabla ya hapo, ambako kumsaidia mtumwa kutoroka ni kuiba mali ya mtu. Bila hilo sura ya 31 itawapita. Huck ameshaandika barua ya kumfichua Jim kwa Miss Watson, mmiliki wake, anaishika huku akitetemeka, kisha anaichana na kukubali kwenda motoni. Karibu kila shajara imenukuu huo moto. Mmoja wenu ameuacha, akabaki na mistari ya juu yake, na nilifurahi mpaka nikasimama: Huck anamkumbuka Jim akimaliza zamu yake ya kukesha, kisha akiunganisha na ya Huck bila kumwamsha. Mwenzenu huyo akaandika jinsi dada yake alivyomfanyia vivyo hivyo walipokuwa wakimuuguza bibi, kisha akajiuliza kwa nini Huck, aliyefundishwa dini na Miss Watson, alihesabu upendo wa namna hiyo kuwa dhambi. Swali hilo hulipati kwenye madesa.

5. Usifute. Kama ulimcheka Jim sura ya 2, ukamheshimu sura ya 15 anapomwambia Huck, baada ya Huck kumfanyia mzaha kwamba hawakuwahi kupoteana kwenye ukungu, kwamba wanaowaaibisha rafiki zao ni takataka, acha maandishi yote mawili. Huck mwenyewe anasema ilimchukua robo saa kujishusha kwa Jim, na ameiacha robo saa hiyo kwenye simulizi yake.

6. Sura za mwishoni, shambani kwa akina Phelps ambako Jim amefungwa, zinaudhi, na sijaona shajara hata moja iliyoudhika. Tom Sawyer, rafiki wa Huck, anajua Jim ameshaachwa huru kwa wosia wa Miss Watson, bado anamchezesha michezo ya kutoroka akiwa na pingu. Mnakubalije? Mkirudishiwa madaftari yenu, someni tena sehemu hiyo, mseme ni ukurasa gani uliowakera na mnamkasirikia nani: Tom, Huck anayemfuata, au Mark Twain. Ongezeni kurasa hizo nyuma, na tarehe iwe ya siku mtakayoandika.